Oktani kubwa kwenye IST: gari inapata nguvu au hela inaungua tu? Tunapima

Mwangaluka wakuu, karibuni tena. Leo nipo Kirumba karibu na mwalo, upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki mtanisamehe, na hii nyuma yangu ni IST ile ile mnayoijua, injini ya 2NZ, cc 1300. Sasa juzi kuna jamaa yangu kanipigia simu anasema kanunua kichupa cha kuongeza oktani, kakimimina chote, eti gari imekuwa nyepesi inataka kuruka. Nikamuuliza umepima? Kimya. Kwa hiyo leo nawaonesha namna ya kujua kama gari yako inahitaji hiyo kitu, na namna ya kupima mwenyewe bila kumtegemea muuzaji wala mimi.

Hatua ya kwanza, kabla hujatoa hata shilingi, fungua mfuniko wa tenki. Sogea na kamera hapa... mnaona hii stika? Kwenye gari nyingi za Japani aina ya mafuta imeandikwa hapa kwa ndani, au ipo kwenye kitabu cha gari kama hakijapotelea huko bandarini. Kijapani hujui, hata mimi sijui, chukua simu weka programu ya kutafsiri, elekeza kamera, itakwambia. Unachotafuta ni neno haioku, ndio wanavyoita wao petroli ya oktani kubwa. Kwao kawaida inaanzia 89, na haioku inaanzia 96. IST, Vitz, Passo, Premio, hizi ni za petroli ya kawaida. Ukiwa na Mark X, Altezza, Subaru ya turbo, ama hizi BMW na Audi, hapo ndio unatakiwa usome kwa makini maana nyingi zinataka kubwa kweli.

Na angalizo, ukiangalia video za Wamarekani utasikia wanasema 87, 91, 93, usichanganyikiwe. Wao wanachukua vipimo viwili wanatafuta wastani, kwa hiyo 87 yao ni kama 91 ya hesabu tunayotumia huku.

Hatua ya pili, elewa oktani ni nini, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Oktani sio nguvu. Nairudia, sio nguvu. Ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa na joto bila kulipuka yenyewe. Mmeshawahi kuona watu wanasukuma mtumbwi kuuingiza majini? Kuna mmoja anaita, wote wanasukuma kwa pamoja, mtumbwi unateleza vizuri. Sasa aliyeko kule pembeni akisukuma kabla sauti haijamfikia, mtumbwi unapinda unagonga jiwe. Ndani ya injini ni hivyo hivyo, plagi inawasha, moto unatakiwa utembee kutoka kwenye plagi mpaka pembeni, ila petroli ya pembeni ikibanwa sana ikapata joto inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia, ndio unasikia ule mlio tik-tik-tik kama karanga kwenye bati. Hiyo ndio injini kugonga, usichanganye na injini kunoki, kunoki, yaani injini kufa, ni msiba mwingine kabisa.

Petroli ya oktani kubwa inachelewa kulipuka yenyewe, basi, ndio kazi yake. Injini yenye kompresheni kubwa au turbo inaihitaji. Injini isiyobana kiasi hicho haina cha kufanya nayo. Mnataka ushahidi? Spiriti safi, nasema safi, sio hii gongo ya vichochoroni, ina oktani zaidi ya 100, lakini lita yake ina nishati pungufu ya petroli kwa kama theluthi moja. Oktani ingekuwa nguvu, walevi wangekuwa wanakimbia kuliko bodaboda.

Halafu kuna kitu watu wa Mwanza hatukijui, sisi huku tupo juu, ziwa lenyewe lipo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu, kwa hiyo mbano wa mle ndani unapungua na kugonga kunapungua. Ndio maana kule Marekani kwenye majimbo ya milimani wanauza mpaka 85 yao. Yaani IST ya Capri Point inadai oktani ndogo kuliko IST hiyo hiyo ikiwa Kariakoo kwenye lile joto, alafu wewe ndio unaiongezea!

Hatua ya tatu, sikiliza. Zima redio, zima AC, fungua vioo, tafuta mlima. Mimi natumia huu wa kupanda Bugando. Gari ikiwa ya moto, weka gia ya juu kidogo, kanyaga mafuta taratibu, sikiliza. Hakuna tik-tik-tik? Basi hauna tatizo la oktani, funga hii video kaendelee na maisha. Ikigonga, usikimbilie kichupa kwanza. Uliza umejaza wapi. Mimi mwaka juzi nilijaza sheli moja siitaji, nikitoka tu gari ikaanza kugonga kwenye kila kamwinuko, fundi akachomoa mpira wa mafuta akanusa akacheka, akanipa na mimi ninuse. Mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanashusha oktani vibaya sana, na ndio sababu serikali kuanzia mwaka 2010 wanaweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta ili wawakamate wachakachuaji. Chukua risiti kila ukijaza, siku ya matatizo ndio itakutetea. Kingine kinachogongesha ni plagi zisizo saizi yake, masizi kwenye pistoni, na injini kuchemsha.

Hatua ya nne ndio yenyewe, kupima. Jaza upepo matairi yote sawa. Nenda sheli moja, pampu ile ile, mwambie muhudumu ajaze mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, na hapo hapo aache. Wahudumu wetu wana tabia ya kuongezea kidogo kidogo ili hela ifike namba kamili, mkatalie, hicho kidogo ndicho kinachoharibu hesabu yote. Rudisha kilomita kwenye sifuri. Endesha, mimi nilienda Lamadi na kurudi kwa mwendo ule ule, halafu rudi pale pale ujaze tena mpaka ijikate. Risiti inakwambia lita ngapi. Mfano umetembea 240 umejaza lita 16, gawanya, ni 15 kwa lita. Andika. Fanya hivyo tenki tatu za kawaida, alafu tatu za hiyo yako ya bei. Tenki moja moja haisemi kitu, upepo tu wa ziwa au foleni ya Buzuruga inakupa tofauti ya nusu kilomita.

Kwangu mimi tofauti sikuiona. Niliona kwenye pochi.

Kuhusu vichupa, soma nyuma. Wakiandika inaongeza pointi kadhaa, mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hiyo pointi 10 ni oktani moja tu. Vingine vina madini yanayoacha ungaunga mwekundu kwenye plagi, ukichomoa utadhani imeota kutu. Na wale wanaodumbukiza vidonge vya kufukuzia mende kwenye tenki, jamani, acheni. Petroli zenye majina ya kifahari nazo, nyingi zimeongezewa dawa ya kusafisha injini, ni kitu kizuri, ila kusafisha sio oktani, muulize muhudumu namba.

Kama gari yako ni ya haioku kweli, Mark X au turbo, hapo weka kubwa. Ukiweka ndogo sensa itasikia injini inagonga, kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, itachelewesha moto wa plagi, gari inakuwa nzito na inakunywa zaidi, kwa hiyo ule unafuu wa bei unaurudisha sheli.

Haya, namrudia jamaa yangu wa kichupa, kasema kesho anakuja na gari yake tuipandishe Bugando. Nimemwambia aje na tenki tupu na risiti.