Ufunguo wa Mlango wa Nyuma Uko kwa Nani?

Asante, mama mwenyekiti. Nimeambiwa nina nusu saa, na kuna watu tayari wanaangalia simu, kwa hiyo salamu zangu ni fupi: hamjambo. Waliowahi kunisikia wanajua ninakoanzia. Wengine mtanivumilia.

Kila kamati ya harambee ninayokaa nayo inaniletea bajeti. Naisoma yote. Kuna mshereheshaji, kuna keki ya mnada, kuna fulana, kuna maua ya meza kuu, kuna mgeni rasmi na mafuta ya gari lake. Nikimaliza nauliza: ukumbi una milango mingapi, na ule wa nyuma ufunguo uko kwa nani? Hapo kamati nzima inageuka kumtazama katibu. Katibu naye anamtazama mhazini.

Mlango wa nyuma huwa umefungwa, jamani. Mnajua sababu? Wazamiaji. Kadi zimeuzwa shilingi 50,000, kamati haitaki mtu azamie, basi mlango wa nyuma unapigwa kufuli, na wa mbele unafunguliwa upande mmoja tu ili anayekagua kadi asizidiwe. Nimewahi kuukuta mlango wa namna hiyo, mahali sitapataja. Mnyororo umezungushwa mara mbili kwenye vishikio, mbele yake makreti ya soda yamepangwa mpaka usawa wa kiuno, na ufunguo uko mfukoni mwa mlinzi aliyekwenda kula. Ndani watu 500, muziki juu, nyaya za jenereta zimepitishwa chini ya zulia. Kijana wa kamati ananiambia, "Mzee, si usiku mmoja tu!" Nikamuuliza moto unahitaji mingapi.

Tupige hesabu. Njia ya upana wa mita moja, sakafu ikiwa sawa, inapitisha kama watu 80 kwa dakika. Hao ni watu watulivu, wanaona wanakokwenda, hakuna anayemwita mtoto wake. Watu 500 kwa njia hiyo moja ni dakika sita na ushei. Sasa zima taa, weka moshi, weka kina mama wenye watoto mgongoni na mabinti wa viatu virefu. Dakika sita mtazitoa wapi?

Najua kuna mtu kule nyuma anasema moyoni: hayo ni mambo ya kumbi za disko, sisi ni watu wa dini, tunachangia yatima. Haya. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, Uwanja wa Majengo. Halikuwa disko, ilikuwa ibada. Wala haukuwa ukumbi, ulikuwa uwanja, juu mbingu tupu. Watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, wakabanana kwenye njia moja, wakafa 20. Hakuna aliyekwenda pale kufanya fujo. Na kama mnataka disko, lipo pia: Tabora, Idi ya mwaka 2008, waliokufa ukumbini walikuwa watoto. Kwa hiyo msiniambie wageni wenu ni wastaarabu. Ustaarabu wao siutilii shaka. Nauliza watatokea wapi.

"Lakini Mzee, tukifungua milango yote wazamiaji watatumaliza." Watakula sahani ngapi, kumi? Weka kijana mmoja kila mlango, fulana inayoonekana gizani, ufunguo shingoni, kazi yake ni hiyo tu, na chakula chake apelekewe pale pale. Mkikosa vijana, punguzeni kadi. Na mshereheshaji, kabla ya vichekesho vyake, awaonyeshe watu milango. Ni dakika moja. Namba ya Zimamoto ni 114, ibandikeni kwenye karatasi yake ya ratiba. Na kabla hamjalipia ukumbi, nendeni ofisi ya Zimamoto muwaombe wakaukague. Hawaumi.

Mama mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nimeona.

Sheria, basi, haraka haraka. Matembezi ya hisani: kabla ya kuingia barabarani na mabango yenu, afisa wa polisi anayesimamia eneo hilo apate taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Maandishi! Kumpigia simu shemeji yako aliye kituoni hakuhesabiki. Peleka barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, itunze.

Bahati nasibu, hapo ndipo mnaponichosha. Mnauza tiketi za shilingi 2,000, zawadi friji, halafu mnaiita "droo ya upendo". Mtu akilipa ili abahatishe zawadi, huo ni mchezo wa kubahatisha hata kama kila senti inakwenda kwa yatima, na wenyewe ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kibali kwanza, tiketi baadaye. Au fanyeni mnada. Mnada wa keki haubahatishi kitu, labda sukari ya mnunuzi.

Usajili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inataka shirika liwe na cheti na lipeleke taarifa zake kila mwaka. Cheti cha jirani hakiazimwi kama sufuria. Muziki nauruka. Mahema nayaruka pia, ingawa nimeyaona yakianguka.

Fedha, na hapa sikubali kukatishwa. Wahesabu wawe watatu, wasitoke familia moja, samahani mchungaji, na wahesabu pale pale ukumbini kabla viti havijakusanywa. Waandike kwa tarakimu na kwa maneno, wasaini wote, nakala moja abaki nayo mtu asiye wa kamati. Namba ya kuchangia kwa simu isajiliwe kwa jina la kikundi, jina hilo ndilo mchangiaji alione kabla ya kuthibitisha. Na ahadi zitangazwe peke yake. Mnasimama mnasema "tumepata milioni 40", watu wanapiga vigelegele, kumbe taslimu ni milioni sita na zilizobaki ni za mheshimiwa aliyeondoka kabla ya chakula. Mwezi ujao yatima hawajaona kitu, na mtaa wote unajua mhazini amekula.

Haya, maswali. Wewe wa friji, subiri. Mama aliyenyoosha mkono kwanza.