Bildi Kabla ya Skrini: Kuchagua Chatiplota na Kipima Kina kwa Boti Ndogo ya Wazamiaji Ziwa Nyasa

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana mliopanda kutoka Kyela na Matema asubuhi hii hadi hapa Mbeya, poleni na safari na ukungu wa njiani. Nimeombwa nizungumzie vifaa viwili ambavyo siku hizi huuzwa vikiwa ndani ya kasha moja, nikimaanisha chatiplota, inayoonyesha boti ilipo juu ya ramani, na kipima kina, kinachoeleza umbali wa sakafu ya ziwa chini ya boti. Kwa kuwa vimo katika kasha moja, wanunuzi wengi huvilipia kama kitu kimoja, na huchagua kwa kutazama ukubwa wa kioo. Mimi nawaomba mvitenganishe kichwani kabla ya kufungua mkoba, kwa sababu katika Ziwa Nyasa kimoja kati yake kitawafanyia kazi tangu siku ya kwanza, na kingine kitafanya kazi baada ya ninyi wenyewe kukifundisha.

Nianze na hicho cha kufundishwa, yaani chatiplota, kwa kuwa ndicho kilichonigharimu. Boti yangu ya kwanza niliifungia chatiplota ya inchi 12 pamoja na kadi ya ramani niliyohakikishiwa dukani kwamba ina Afrika yote. Nilipoiwasha Matema, mstari wa ufuko ulionekana, na baada ya ufuko palikuwa na rangi ya buluu tupu mpaka ng'ambo, pasipo namba hata moja ya kina. Kwa hiyo, kabla ya kulipia kadi yoyote, mwombe muuzaji aifungue mbele yako, uisogeze ramani hadi Matema na Ikombe, kisha uhesabu namba za kina utakazoziona. Ukizikuta tatu au nne katika eneo ambalo boti husafiri kwa saa nzima, fedha ya kadi ibaki mfukoni.

Hata hivyo chatiplota haikosi kazi mahali pasipo na ramani ya kina. Zipo programu ndani ya baadhi ya vifaa, kama Quickdraw ya Garmin, zinazochukua kipimo cha kina na mahali boti ilipo, kisha zikachora kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kina kimoja, papo hapo kadiri unavyosafiri. Boti ya wazamiaji inayorudi kwenye majabali yaleyale kila wiki itajichorea ramani nzuri kuliko yoyote inayouzwa, mradi nahodha apite kwa mistari iliyokaribiana na kwa mwendo wa pole. Sifa hii ndiyo ningeitafuta kwanza katika chatiplota, mbele ya ukubwa wa kioo na mbele ya muziki, rada na mapambo mengine. Ya pili ni vitufe vya kubonyeza, maana kioo cha kugusa kilicholoa maji na kidole kilicholoa maji havielewani. Inchi 7 zinatosha.

Kuna mtego mmoja hapa ambao huwapata hasa wasomi. Mtu huchukua ramani ya zamani ya serikali yenye kipimo cha 1:50,000, akasoma latitudo na longitudo ya mwamba au ghuba, akaziingiza kwenye chatiplota. Ramani hizo za Tanzania zilitengenezwa kwa datamu, yaani msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo, ya Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84, na tofauti ya mahali kati ya mifumo hiyo miwili kwetu hukaribia mita 300. Mita 300 kutoka ufuko wa Ikombe ni tofauti ya kuwa juu ya mwamba na kuwa juu ya shimo. Chatiplota nyingi huruhusu kubadili datamu katika mipangilio. Badilisha wakati wa kuingiza namba hizo, kisha urudishe.

Sasa nije kwenye kipima kina, ambako ndiko ningependa fedha zenu ziende. Kinachopimwa na kifaa hiki kwa hakika ni muda. Transdyusa, yaani kile kibonge kilichofungwa chini ya boti, hutoa mlio, mlio hugonga sakafu na kurudi kama mwangwi, na kompyuta huzidisha muda huo kwa kasi ya sauti majini, ambayo ni takriban mita 1,500 kwa sekunde. Penye kina cha mita 30 mwangwi hurudi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde. Katika mipangilio, chagua maji baridi badala ya maji ya chumvi, kwani sauti husafiri kwa kasi kubwa kidogo baharini. Maji ya chumvi pia hunyonya milio ya masafa ya juu, yaani yenye mitetemo mingi kwa sekunde, kwa kiasi kikubwa kuliko maji yetu, hivyo kifaa kilichoandikwa kina fulani kwa ajili ya bahari huku kwetu hakitashindwa kukifikia.

Lakini mlio hauendi chini kama uzi wa bildi, ile risasi ya kupimia kina kwa kamba. Hutanuka kama pia ya kuchezea iliyopinduliwa, ncha juu na upana chini, na upana wa pia hiyo ndio unaoamua kama kifaa kinafaa kwenye ufuko wetu. Transdyusa ya kilohezi 200 (mitetemo 200,000 kwa sekunde) yenye pembe ya nyuzi 20 huangaza, penye kina cha mita 30, duara la upana wa takriban mita 10 na nusu. Ile ya masafa ya chini yenye nyuzi 45 huangaza duara la mita 25. Kule Kyela, ambako mito imeshusha mchanga na matope na sakafu inateremka polepole, tofauti hiyo haina madhara. Lakini chini ya Milima ya Livingstone, ambako mlima unaingia ziwani kwa mteremko uleule ulioshuka nao kutoka juu, pia pana husema uongo.

Chukueni mfano. Boti imesimama juu ya mita 40 za maji, na pembeni, umbali wa mita 10, kuna jabali ambalo kichwa chake kiko mita 26 chini ya uso wa maji. Kwa pia ya nyuzi 45, mwangwi wa kwanza kurudi ni wa jabali, nao umesafiri mita 28, hivyo skrini itaandika 28. Nahodha atapima kamba ya nanga kwa 28, na nanga itaning'inia bila kugusa kitu, huku kiongozi wa wazamiaji akiwaambia wageni kwamba sakafu iko ndani ya uwezo wao. Pia ya nyuzi 20 hailioni jabali hilo kabisa, na huandika kilichopo chini ya boti. Ndiyo maana kwa wazamiaji wa burudani, ambao mwisho wao ni mita 40, nashauri kilohezi 200 zenye pembe nyembamba, na mkiongeza, basi muongeze mwonekano wa chini wa kilohezi 455, ambao huchora mawe karibu kama picha na kuwaonyesha wapi kuna mirundo ya majabali wanakokaa mbuna, samaki wa rangi ambao wageni huja kuwatazama. Masafa ya chini, yaani kilohezi 50, waachieni wanaotafuta sakafu ya ziwa hili pale linapofika takriban mita 700.

Usiku msishangae kuona tabaka zito likipanda kwenye skrini kama sakafu ya pili. Ni viluwiluwi vya wale wadudu wanaotanda juu ya ziwa kama moshi. Vina vifuko vya hewa mwilini, na hewa hurudisha mwangwi kwa nguvu.

Hewa hiyohiyo ndiyo adui wa ufungaji. Transdyusa ya kubandika ndani hufaa kwenye boti ya faiba iliyo imara bila sponji katikati. Kwenye boti ya mbao haifai, kwa sababu mlio hupotelea ndani ya mbao. Boti nyingi za kwetu ni za mbao, hivyo fungeni kwenye ubao wa tezi, nje, uso wa transdyusa ukitazama chini sawasawa, mbali na misumari na mbavu zinazozalisha mapovu. Rafadha, ambayo mafundi huiita panga boi, ikiwa inazunguka kuelekea kulia, fungeni upande wa kulia, angalau sentimita 38 kutoka kwake, kwa kuwa upande huo mabapa yanashuka na hayatupi mapovu juu. Ngazi ya wazamiaji iwe upande mwingine. Transdyusa iliyokanyagwa na mgeni mwenye mtungi mgongoni haitengenezeki.

Kuhusu umeme nitasema kidogo. Kipeni kifaa betri yake ya volti 12 na fyuzi yake, kisitegemee betri ya kuwashia injini, kwa maana injini inapovuta umeme wa kuwaka kifaa huzimika.

Wengi wenu mmewahi kusikia mabishano ya mzamiaji na nahodha, mmoja akisema mita 29 na mwingine 30. Mara nyingi wote wana haki. Kompyuta ya mkononi ya mzamiaji hupima mgandamizo, na ikiwa imepangwa kwa maji ya chumvi, katika maji baridi huandika pungufu kwa takriban asilimia 3. Kipima kina nacho huanza kuhesabu kutoka kwenye transdyusa, si kutoka usoni mwa maji, hivyo ongezeni katika mipangilio sentimita zilizopo kati ya uso wa maji na transdyusa. Na kwa kuwa nimetaja mgandamizo: ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kuja Mbeya kupitia Tukuyu hupanda kuzidi mita 2,000. Huko juu mgandamizo wa hewa hupungua, na gesi iliyobaki mwilini mwa mzamiaji huweza kutoa mapovu, hivyo aliyepiga mbizi mchana asipandishwe gari jioni hiyo, alale Matema.

Ziwa halina maji kupwa na kujaa kama Dar es Salaam, lakini lina miaka yake. Kati ya 1915 na 1935 maji hayakutoka kabisa kupitia mto Shire, na hata ndani ya mwaka mmoja uso hupanda baada ya mvua na kushuka kuelekea Novemba kwa kiasi cha kumwaibisha nahodha anayeamini namba ya mwaka jana. Kila kontua mnayochora, andikeni tarehe yake.

Siku mtakapokifunga kifaa, nendeni penye mchanga tambarare upande wa Kyela, shusheni bildi ya kamba na risasi kama walivyofanya wazee, mara tano, penye mita 5 hadi 20, na mlinganishe na skrini. Tofauti mtakayoipata iandikeni kwa wino usiofutika kwenye ubao, karibu na kioo, mahali ambapo hata nahodha wa zamu atakayewapokea ataisoma.