Nukta Mwanzoni mwa Mstari

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze hati ziliandaliwaje kwenye kompyuta kabla ya kipanya kuenea. Nitaanza na wapiga taipu watatu.

Mwaka 1970, kwenye maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walikuwa wakiijenga Unix, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Walihitaji mashine mpya, lakini wakubwa walikwishachoka na habari za mifumo ya uendeshaji. Basi ombi likavishwa nguo nyingine: tununulieni kompyuta ya PDP-11, tutawatengenezea mfumo wa kuandaa hati. Hapo pesa ikatoka! Mwaka 1971 idara ya hataza, yaani ya haki za uvumbuzi, ikawaleta wapiga taipu wake watatu, wakawa wanashinda hapo wakiandika maombi ya hataza.

Mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ya nusu megabaiti. Picha moja ya simu yako ingeijaza diski hiyo na kubaki nje. Kila baada ya saa chache kazi ilibidi ihamishiwe kwenye tepu ili nafasi ipatikane. Tena programu hazikukingwa zisiingiliane: mhandisi akijaribu kitu kipya kikaenda kombo, mfumo mzima unaanguka, na wapiga taipu nao wanasimama.

Skrini hakuna. Unachapa kwenye teletaipu, mashine ya taipu iliyounganishwa na kompyuta, nayo inakujibu kwa karatasi. Programu ya kuhariri iliitwa ed, kazi ya Thompson. Haina maneno mengi. Unaandika a, kisha maandishi yako, na ukimaliza unaweka nukta peke yake kwenye mstari. Tuseme umeandika „mlngo” badala ya „mlango”. Huwezi kusogea hadi pale ukafute, unatoa amri:

s/mlngo/mlango/

Ukitaka kuuona mstari, unaandika p. Kuhifadhi ni w, nayo inakurudishia idadi ya herufi tu. Ukikosea, unapata alama ya kuuliza. Moja. Kosa ni lipi, utajua mwenyewe. Wengi huuona ni ukali, lakini karatasi ikichapwa polepole namna ile, mimi ningekasirishwa zaidi na mashine inayonihubiria.

Kubadili neno hati nzima ni amri moja: 1,$s/mashine/kifaa/g. Ila ed haijui ngeli. „Mashine hii” itageuka „kifaa hii”, na hapo utarudi mstari kwa mstari.

Upande wa kupanga kurasa kulikuwa na roff, mjukuu wa RUNOFF, programu ambayo Jerome Saltzer aliiandika kwenye chuo cha MIT mwaka 1964. Amri zinakaa ndani ya maandishi yenyewe, kila moja kwenye mstari wake, ikianza na nukta: .ce mstari ukae katikati, .sp nafasi iachwe. Idara ya hataza ilitaka mistari ya kila ukurasa iwe na namba, roff ikafundishwa kuziweka. Ukifuta aya nzima, huchapi upya kurasa kumi. Unaiendesha tena, inajipanga. Hicho ndicho kilichowafaa wapiga taipu, kwa sababu wakili hachoki kurekebisha.

Nukta hiyo ina mtego. Katika nroff, iliyofuata baadaye, mstari wa maandishi ukianza na „.5” kwa bahati mbaya, programu inadhani ni amri. Haiijui, inairuka bila kusema lolote, na kipimo chako hakichapwi. Dawa ni kutanguliza \&, alama isiyochukua nafasi.

Kompyuta za chumba hiki zina Linux, mfumo uliofuata nyayo za Unix, na kurasa zake za mwongozo bado huandikwa kwa amri hizohizo za nukta. Jaribuni ed sasa hivi. Itakaa kimya, msiogope. Kutoka ni q. Kama hujahifadhi, itakuuliza kwa alama ileile, nawe andika q tena.