Masta ya Bayoinformatiki: Kabla Hujaomba, Fungua Faili Moja Kwanza

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani, karibuni tena. Ujumbe mnaotuma kuhusu masta ya bayoinformatiki, yaani kuchambua data za baiolojia kama DNA kwa kompyuta, uko wa aina mbili. Kuna anayesema amesoma baiolojia na kompyuta anaijua ya kuchapia tu. Kuna mwingine yeye programu anaandika usingizini, lakini seli aliachana nazo sekondari. Wote wanauliza: nitaiweza?

Mnaiweza, ila kila mmoja atabanwa mahali pake. Wa baiolojia atahangaika miezi mitatu ya kwanza na terminali ya Linux, lile dirisha la kuandikia amri. Wa kompyuta atapita hapo anapiga mluzi, halafu atatoa jibu ambalo kibaiolojia haliwezekani na asilishtukie. Na kuna mahali ambapo wote wawili wanaanguka pamoja: takwimu. Tutafika.

Masomo yenyewe kwa haraka. Nchi nyingi za Ulaya ni miaka miwili, Uingereza mara nyingi ni mwaka mmoja uliobanwa. Utakuta Python na R, takwimu, baiolojia ya molekuli, uchambuzi wa jenomu (DNA yote ya kiumbe), na somo la algorithimu ambako mtajaza jedwali la Needleman na Wunsch la mwaka 1970, la kulinganisha mifuatano miwili, kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku. Lijazeni vizuri. Ukishaelewa kwa nini kuacha pengo kuna adhabu, matokeo ya BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, yanaanza kusomeka kama barua. Mwishoni kuna tasnifu, ambayo kwa kawaida hula nusu mwaka. Python au R? Zote mbili, wala tusigombane.

Sasa tazameni skrini. Hili ni faili la FASTQ, ndilo linalotoka kwenye mashine ya kusoma DNA. Kila kipande kilichosomwa kina mistari minne:

@kipande1
GATTACAGGC
+
IIIIIII?5#

Mstari wa kwanza ni jina. Wa pili ni herufi za DNA. Wa tatu ni alama ya kujumlisha. Wa nne, unaofanana na paka aliyetembea juu ya kibodi, ndio unaosema mashine ina uhakika kiasi gani na kila herufi. Chukua namba ya ASCII ya alama hiyo, toa 33, umepata alama ya ubora. Herufi I ni 73, ukitoa 33 inabaki 40: uwezekano wa kosa ni 1 kwa 10,000. Alama ya kuuliza ni 30, kosa 1 kwa 1,000. Tarakimu 5 ni 20, kosa 1 kwa 100. Ile # ya mwisho ni 2, yaani uwezekano wa kukosea unapita nusu. Ile C ya mwisho ni kubahatisha.

Mbona ubora unaporomoka mwishoni mwa kipande? Kwenye mashine za Illumina kila nukta ina nakala nyingi za kipande kilekile zinazosomwa kwa pamoja, herufi moja kila mzunguko. Mizunguko ikiwa mingi, nakala nyingine zinachelewa hatua, nyingine zinatangulia, na mwanga unaotoka unachanganyika. Kwa hiyo mteremko mdogo kwenye grafu ya FastQC, programu ya kukagua ubora, ni wa kawaida. Ukiporomoka ghafla katikati, hapo kuna tatizo la mashine au sampuli.

Mtihani mdogo: faili lina vipande vingapi? Wengi wanahesabu mistari yenye @ kwa grep, amri ya Linux ya kutafuta maandishi. Wanapata namba kubwa kuliko ukweli, kwa sababu @ yenyewe ni alama ya ubora, 64 kutoa 33 ni 31, na inaweza kabisa kuanza mstari wa nne. Hesabu mistari yote kwa wc -l, gawa kwa 4. Basi.

Na hili lishikeni kabla halijawauma. Kwenye faili la FASTA, lenye majina na herufi tu bila alama za ubora, majina huanza na alama ya >. Mtu anataka kuyahesabu, anaandika grep -c > jenomu.fa bila alama za nukuu. Linux inaielewa ile > kama "andika matokeo ndani ya faili hili", kwa hiyo inalifuta faili kwanza kabla grep haijafanya lolote. Jenomu yote imebaki baiti sifuri. Andika grep -c '>' jenomu.fa, na faili asilia zipe ruhusa ya kusomwa tu kwa chmod a-w. Sekunde mbili, umelala salama.

Makosa kama hayo angalau yanaonekana. Kazi hii imejaa makosa yanayokaa kimya, programu inamaliza, grafu inatoka nzuri, na jibu ni la uongo.

Chukueni badiliko la selimundu, lenye namba ya utambulisho rs334, kwenye jeni ya HBB katika kromosomu ya 11. Kwenye GRCh37, toleo la zamani la jenomu rejea ya binadamu, liko nafasi ya 5,248,232. Kwenye GRCh38, iliyotolewa 2013, liko 5,227,002. Herufi ileile, tofauti ya zaidi ya nafasi elfu ishirini na moja. Ukichukua orodha ya toleo moja ukaitafuta kwenye faili la toleo jingine, hakuna programu itakayokuambia umekosea. Itakuambia tu mgonjwa hana badiliko. Zaidi ya hapo, vitabu vinasema GAG imekuwa GTG, A imegeuka T. Wewe kwenye faili la VCF, orodha ya mabadiliko ya DNA, unaona T imegeuka A, unadhani data imeharibika. Haijaharibika: HBB imeandikwa kwenye uzi wa upande wa pili, na VCF huripoti uzi wa mbele siku zote. Hapa ndipo mtu wa kompyuta anapohitaji ile baiolojia aliyoikimbia.

Nafasi zenyewe zina mitego yake. Faili la BED, linaloorodhesha maeneo ya jenomu, linaanza kuhesabu kwenye 0 na nafasi ya mwisho haimo. GFF (orodha ya jeni na mahali zilipo) na VCF zinaanza kwenye 1. Herufi kumi za mwanzo ni 0 hadi 10 kwa BED, 1 hadi 10 kwa GFF. Ukisahau, kila kitu kinasogea herufi moja, na herufi moja inatosha kubadilisha asidi amino. Halafu kuna chr1 dhidi ya 1, yaani jina la kromosomu ya kwanza kwenye hifadhidata mbili za jenomu: Ensembl wanaandika 1, UCSC wanaandika chr1. Ukipanga vipande (kutafuta kila kimoja kinatoka wapi) kwa jenomu ya mmoja ukahesabu kwa orodha ya jeni ya mwingine, unapata sifuri kila mahali.

Na Excel, jamani, msiifungulie orodha ya jeni. Iligeuza SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe kwa muda mrefu, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kuyabadilisha majina yenyewe: SEPTIN2, MARCHF1. Wanasayansi wamesalimu amri mbele ya jedwali.

Tumefika kwenye takwimu. Zoezi ambalo karibu kila chuo kinalo: pima jeni zipi zimepanda au kushuka baada ya dawa, kwa data ya RNA, nakala ambazo seli hutoa kwenye jeni zinazofanya kazi. Jeni ziko kama 20,000. Ukikubali kila moja yenye p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) chini ya 0.05, hata dawa ikiwa maji matupu utapata "ugunduzi" kama 1,000. Ndiyo maana tunatumia p iliyorekebishwa kwa njia ya Benjamini na Hochberg ya 1995.

Kwenye DESeq2, kifurushi cha R cha zoezi hilo, mitego miwili ni maarufu. Kwanza, inataka hesabu ghafi za vipande, namba nzima. Mtu anailisha TPM, hesabu zilizokwisha kusawazishwa, inakataa kwa sababu ya desimali, naye anazikata kwa round() ili ikubali. Inakubali! Matokeo ni takataka, kwa sababu programu inakadiria kuyumba kwa data kutokana na ukubwa wa hesabu halisi, na wewe umeuficha. Pili, R hupanga makundi kwa alfabeti na kulichukua la kwanza kuwa msingi wa kulinganishia. Ukiyaita makundi yako "dawa" na "kontroli", d inatangulia k, kwa hiyo unalinganisha kontroli na dawa badala ya kinyume chake. Kila jeni iliyopanda inaonekana imeshuka. Tumia relevel na useme wazi ref = "kontroli".

Marudio matatu kwa kila kundi ndiyo kiwango cha chini, sita ni raha. Lakini ikiwa wagonjwa wote walisomwa siku moja na wazima wote siku nyingine, hakuna fomula ya kutenganisha ugonjwa na siku. Data hiyo imekufa.

Kompyuta gani ununue? RAM ya GB 16, diski ya SSD ya GB 512, na Linux, au WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows) kama uko Windows. Usijiumize kutafuta kubwa zaidi. Programu ya STAR, inayopanga vipande vya RNA, peke yake inataka kama GB 30 za RAM kwa jenomu ya binadamu, hiyo ni kazi ya klasta ya chuo, kompyuta nyingi zilizounganishwa. Huko utaingia kwa ssh na kutuma kazi kupitia foleni, mara nyingi inayosimamiwa na programu ya SLURM. Ukiomba RAM ndogo kazi inauawa katikati, ukiomba kubwa mno inakaa foleni siku nzima. Jaribu kwanza na vipande 100,000, ona kilichotumika, kisha omba na nyongeza kidogo. Skripti iliyoandikwa kwa Notepad ikigoma bila sababu, piga cat -A: ukiona ^M mwisho wa mistari, ni alama za Windows, dos2unix inazisafisha.

Kwa wanaoomba nafasi: barua ya "napenda sana sayansi" haiwabebi. Wekeni mradi mmoja mdogo GitHub. Chukua data ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kutoka ENA, hifadhi ya Ulaya ya data za DNA, jenomu yake ina herufi kama milioni 23 tu, kromosomu 14, inaingia kwenye laptopu bila shida. Ikague kwa FastQC, isafishe kwa fastp, ipange kwa BWA, tafuta mabadiliko kwa bcftools. Kisha eleza ulichokiona. Kwa mfano, grafu ya GC (kiasi cha herufi G na C) itakaa upande wa chini sana, kwa sababu jenomu hiyo ni karibu asilimia 80 A na T. Anayeandika "grafu ni nyekundu, data mbovu" anajulikana hapohapo. Anayeandika sababu, anajulikana pia. Funga kila kitu kwa Snakemake, inayoendesha hatua zote kwa mpangilio, na uandike toleo la kila programu.

Tasnifu: kabla hujakubali mada, muulize msimamizi swali moja, kwa heshima zote. Data ipo kwenye diski, au bado iko kwenye friji? Sampuli ambazo hazijasomwa zinaweza kumeza miezi yako sita. Na kama ni data ya binadamu, uliza kibali cha kuitumia kimeshatoka au ndiyo kwanza kinaombwa, maana kamati hazina haraka yako.

Mkikwama na zoezi, niandikieni hapo chini, ila msiandike "imegoma". Nipeni amri yote kama mlivyoiandika, ujumbe wa kosa mzima, toleo la programu, na mistari minne ya kwanza ya faili.