Tairi la A/T (All-Terrain, la Lami na Vumbi) kwa Pikapu: Twende Dukani Pamoja, Hapa Tanga

Asalaam aleikum, habari za saa hizi. Leo niko Ngamiani kwa fundi tairi, pikapu iko juu ya jeki, na anayeshika simu ni mpwa wangu. Picha ikicheza, mlaumuni yeye.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni moja: "Mjomba, ninunue tairi gani la kashata?" Kashata ni yale meno ya mpira juu ya tairi. Nami nikiuliza gari linapita wapi, mtu ananitumia picha ya tairi alilolipenda. Jamani, tairi si kanzu ya Idi. Anza na njia, tairi litafuata.

Kwa hiyo hatua ya kwanza unaifanya nyumbani. Chukua kalamu, andika safari zako za wiki moja, na usijidanganye. Mimi napakia machungwa Muheza na viungo vya Amani. Tanga hadi Muheza ni lami tupu. Kupanda Amani kuna sehemu za vumbi na mawe, na mvua ikinyesha ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Yaani nusu kwa nusu, na gari la nusu kwa nusu ndilo lililotengenezewa A/T.

Lakini wewe unayezunguka Chumbageni na Raskazone, na mara mbili kwa mwaka unakwenda kijijini kiangazi, chukua H/T, la barabarani. Halina kelele, halili mafuta sana, na kwenye lami yenye maji linashika vizuri zaidi. Na yule anayeingia shambani kila siku, tope mpaka kwenye ekseli, huyo ndiye wa M/T, lile la meno makubwa. Wengi wanalitaka M/T kwa sura tu. Kumbuka kwamba meno makubwa yenye nafasi pana maana yake ni mpira mchache unaogusa lami. Teremka na hilo tairi kutoka Lushoto kwenda Mombo, lami imelowa, pikapu tupu nyuma, halafu ukutane na basi kwenye kona za Soni. Utaijua maana ya breki.

Haya, mpwa, sogeza simu hapa ubavuni. Karibu zaidi. Hapo.

Hili lililotoka kwenye gari langu limeandikwa 265/70R16. Ile 265 ni upana kwa milimita. Ile 70 ni kimo cha ubavu, asilimia 70 ya huo upana. R ni mpangilio wa nyuzi za ndani, karibu tairi zote za magari ya siku hizi ziko hivyo, tusipoteze muda. Na 16 ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kimo cha milimita 777 hivi. Sasa 265/65R17 nayo inatoka 776. Rimu ni kubwa, ubavu ni mfupi, lakini tairi ni lile lile kwa kimo. Ndiyo maana mtu anaweza kubadili rimu na gari lisihisi kitu.

Ukitaka kupandisha, mfano 265/75R16, unafika kama milimita 804, ongezeko la asilimia 3 na ushee. Gari linainuka kidogo, ndiyo. Ila mshale wa spidi ukisoma 80, wewe uko karibu na 83. Na kabla hujalipa, fundi afunge moja la mbele, ukate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama linakwaruza matigadi. Likikwaruza limesimama, lenye mzigo na shimo litakula kabisa.

Tulia hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipolia mimi.

Baada ya saizi kuna namba nyingine na herufi, kama 112S. Herufi ni ya spidi. S ni kilomita 180 kwa saa, na ukiwa na machungwa huifikii, achana nayo. Namba ndiyo shughuli. Ni uzito ambao tairi moja linabeba likiwa na upepo wa kutosha. 112 ni kilo 1,120. 116 ni kilo 1,250. 121 ni kilo 1,450. Na 104 ni kilo 900.

Miaka ya nyuma niliuziwa matairi manne mazuri, meusi yanang'aa, kashata zimesimama kama mkate wa mofa uliotoka jikoni. Bei nzuri. Sikusoma namba, nilisoma bei. Yalikuwa 104, tairi la gari la familia, si la mizigo. Kilo 900 mara mbili nyuma ni 1,800, na kwa hesabu niliyokuja kuipiga baadaye, ekseli yangu ya nyuma siku hiyo ilikuwa imebeba si chini ya 1,900. Ubavu ukatoa nundu, mimi nikaona, nikasema nitafika. Nilipokaribia Pongwe likapasuka. Namshukuru Mungu nilikuwa taratibu. Watoto wakaja kunisaidia kuokota machungwa, wakanisaidia kweli, ila mengine hayakurudi. Matairi yale manne hayakumaliza mwaka. Hapa kwetu tunasema waja leo waondoka leo, basi ndiyo hayo.

Kwa hiyo: fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko cha kiwandani chenye saizi na upepo. Namba ya mzigo ya tairi jipya isishuke chini ya ile ya tairi lililokuja na gari. Unabeba kila siku? Tafuta lililoandikwa LT mbele ya saizi, au C nyuma yake. Hayo yana ubavu mgumu zaidi, yanavumilia mawe na mzigo. Gharama yake ni kwamba pikapu ikiwa tupu itakurusharusha, na yanataka upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule.

Sasa umri. Tafuta neno DOT, ufuate mpaka mwisho, utaona tarakimu nne. Hizi hapa ni 3523, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, mrudishie mwenyewe akafanyie bembea. Angalizo: mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu wa tairi, na upande huo unaweza kuwa umelalia chini kwenye rundo. Mwambie kijana ageuze. Akianza kusema yote ni mapya, geuza mwenyewe.

Mtumba nao? Sikukatazi, najua mifuko yetu. Lakini lipinde kwa mkono, uangalie kati ya kashata na ubavuni. Ukiona nyufa kama za udongo wa kiangazi, mpira umechoka hata kama kashata ni ndefu. Chunguza pia ndani, kiraka cha ubavuni hakikubaliki. Na zile tuta ndogo ndani ya mifereji ni alama za mwisho, zina kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana nazo, hilo tayari ni kipara, ingawa kwa njia ya Amani mimi sisubiri lifike huko.

Kashata zenyewe: chagua zenye mifereji iliyofunguka mpaka pembeni, tope lipate pa kutokea, na vijimkato vidogo juu ya meno kwa ajili ya lami yenye maji. Ukweli ni kwamba udongo mwekundu ukiiva, A/T yoyote hujaa ikawa duara la tope. Hapo ni mwendo mdogo, au subiri jua.

Nunua manne. Foo wili ikiwa imeingizwa na tairi za mbele na za nyuma hazilingani kimo, giaboksi ndiyo inayoumia. La tano, la akiba, liwe saizi hiyo hiyo.

Fundi anafunga, tunapiga balansi, kisha alaimenti. Upepo pima asubuhi gari halijatembea, fuata kibandiko, na mzigo ukiwepo ongeza nyuma kama kinavyosema. Ukienda Pangani ukaingia kwenye mchanga laini, shusha upepo mpaka PSI 18 au 20, PSI ndicho kipimo cha upepo, nenda taratibu bila kukata kona kali. Ukirudi kwenye njia ngumu, jaza kabla ya kukimbia. Kipampu cha kuchomeka kwenye gari ni rahisi kuliko tairi.

"Mjomba, nati."

Eeh, ahsante. Nati zinaweza kulegea kidogo baada ya kufungwa upya. Ukitembea kilomita 50 mpaka 100, simama, zikaze tena kwa spana ya mkono, moja na ya mkabala wake. Mimi nitazikaza nikirudi kutoka Muheza. Na kila baada ya kilomita elfu nane hadi kumi, ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele.

Mpwa, zima, tushushe jeki.