Gari Hili ni la Nani Leo? Mazungumzo Kuhusu Mkopo wa Benki, Murabaha na Ijara

BAKARI: Asalaam aleikum, na karibuni wasikilizaji. Mimi ni Bakari, niko hapa Mombasa pamoja na Bi Zuhura, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akipitia maombi ya mikopo ya magari katika benki mbili, ya kwanza ikiwa ya kawaida na ya pili ya Kiislamu. Leo tunazungumzia kununua gari kwa fedha za benki, na naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

ZUHURA: Waaleikum salaam. Kiri tu, Bwana Bakari, maana katika kosa lako mna nusu ya kipindi.

BAKARI: Mwaka juzi niliona Probox nyeupe katika yadi moja, bei yake shilingi 1,500,000. Kwa kuogopa isije ikachukuliwa na mwingine, nikalipa arubuni ya shilingi 300,000 na nikaandikiwa risiti: jina langu juu, namba ya chesisi chini yake, na kwa wino wa buluu neno "imeuzwa". Siku ya pili nikaenda benki ya Kiislamu kuomba murabaha kwa ajili ya shilingi 1,200,000 zilizosalia. Afisa aliisoma risiti ile, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maneno mengine upande wa pili, kisha akanirudishia na kuniambia kwamba hawezi kuniuzia gari ambalo nimekwisha kulinunua.

ZUHURA: Na alikuwa na haki. Katika murabaha benki haikukopeshi fedha, inakuwa mfanyabiashara. Inalinunua gari kutoka yadi, linakuwa mali yake, hata kama ni kwa saa chache tu, kisha inakuuzia wewe kwa bei iliyo wazi: tumelinunua kwa kiasi hiki, faida yetu ni kiasi hiki, nawe utalipa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Msingi wake ni ile hadithi mashuhuri ambamo Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwambia Hakim bin Hizam asiuze kitu asichokuwa nacho. Wewe ulikwenda ukiwa umeshafunga biashara na mwenye yadi, kwa hiyo kilichobaki ni deni, na benki ikikulipia deni kisha ikakudai zaidi, hiyo ni riba yenye kanzu.

BAKARI: Ilinibidi nirudi yadini, risiti ifutwe, arubuni nirudishiwe baada ya siku kumi na moja za kusukumana, ndipo benki ilinunue gari kwa jina lake. Nilichotakiwa kupeleka benki tangu mwanzo ni bei ya yadi iliyoandikwa kwenye karatasi, bila kutia saini ya ununuzi, pamoja na ahadi yangu ya maandishi kwamba benki ikilinunua nami nitalinunua kwake.

ZUHURA: Ndiyo maana mimi huwaambia watu kwamba kabla ya kuuliza asilimia waulize swali jingine: gari hili ni la nani leo? Uulize siku benki inapolipa yadi, siku unapopewa ufunguo, siku gari linapopata ajali na siku ya malipo ya mwisho. Aina zote za ufadhili wa gari unaweza kuzitofautisha kwa majibu ya swali hilo.

BAKARI: Tuanze basi na mkopo wa kawaida, ambao wengi wanaujua.

ZUHURA: Katika mkopo wa kawaida gari ni lako tangu siku ya kwanza, na benki ni mdai aliyelishika kama rehani. Hapa Kenya logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, huandikwa majina mawili, lako na la benki, na dhamana hiyo husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali zinazohamishika. Ukishindwa kulipa, benki inaweza kulichukua gari na kulipeleka mnadani baada ya kukupa notisi, na likiuzwa kwa bei ya chini kuliko deni, tofauti iliyobaki bado ni deni lako. Gari likiungua, deni haliungui nalo. Hiyo ndiyo sababu benki hushikilia bima kubwa kila mwaka.

BAKARI: Na riba yenyewe huhesabiwa vipi? Maana mabango yote huandika asilimia moja kubwa tu yenye rangi nyekundu.

ZUHURA: Hapo ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakwenda polepole. Tuchukue zile shilingi 1,200,000 zako kwa miezi 36. Mkopeshaji wa kwanza anasema asilimia 10 kwa mwaka, lakini anaihesabu juu ya mtaji wote kwa miaka yote mitatu, kana kwamba hujarudisha hata senti moja. Riba inakuwa 120,000 mara tatu, yaani 360,000, na kila mwezi unalipa kama 43,333. Mkopeshaji wa pili anasema asilimia 14, lakini anaihesabu juu ya salio linalopungua kila unapolipa. Huyu utamlipa kama 41,000 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama 276,000.

BAKARI: Kwa hiyo asilimia 14 ni rahisi kuliko asilimia 10.

ZUHURA: Kwa zaidi ya shilingi 80,000. Ile asilimia 10 ya mkopeshaji wa kwanza, ukiigeuza iwe ya salio linalopungua, inakaribia asilimia 18. Na ninalisema hili mbele ya ndugu zangu wa benki za Kiislamu, kwa sababu faida ya murabaha nayo mara nyingi hutajwa kwa njia hiyo ya kwanza, juu ya mtaji wote. Si dhambi kuitaja hivyo, maana bei ni bei na mfanyabiashara ana hiari yake, lakini mteja anayeiweka asilimia 10 ya murabaha kando ya asilimia 14 ya mkopo akadhani amepata nafuu, amelinganisha kilo na lita. Linganisha jumla ya shilingi utakazotoa mpaka mwisho, pamoja na ada ya kushughulikia maombi, ada ya mthamini, bima na kifaa cha kufuatilia gari.

BAKARI: Nimepata kusikia watu wakisema, "Kama hesabu ni ileile, tofauti ni jina tu." Wewe umekaa pande zote mbili za meza, unawajibu nini?

ZUHURA: Nawaambia waitazame miaka iliyopita. Mikopo mingi ya kawaida ina riba inayopanda na kushuka. Kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka 2022, na kufikia Februari 2024 kilikuwa kimepandishwa hadi asilimia 13. Mwenye mkopo wa riba inayobadilika alipokea barua baada ya barua, na kila barua iliongeza malipo ya mwezi au iliongeza miezi. Aliyenunua kwa murabaha hakupokea barua yoyote, kwa sababu bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa haiongezwi. Kisha, kuanzia Agosti 2024, kiwango kikaanza kuteremshwa, na hapo aliyenunua kwa murabaha hakunufaika, kwa kuwa bei haipunguzwi vilevile. Hizo ni athari za kweli mfukoni, na zinatoka moja kwa moja kwenye tofauti ya kuuziwa na kukopeshwa.

BAKARI: Nisimame hapa kidogo kwenye lugha, maana jambo hili hunichekesha. Kiswahili hakina mahali pa kujificha. Neno riba ndilo linalosomwa katika Qur'ani, kwamba Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na akaiharimisha riba, na neno hilohilo ndilo linaloandikwa kwenye bango la benki, "riba nafuu". Arubuni nayo ni neno la fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na ijara ni ndugu wa ujira. Mswahili anayesaini mkataba wa gari anatumia msamiati wa wanazuoni bila kujua.

ZUHURA: Na ijara ndiyo ninayoipenda zaidi kuieleza, kwa sababu hapo swali letu lina jibu lisilotarajiwa. Katika ijara inayoishia kwa kumiliki, gari ni la benki mpaka siku ya mwisho, nawe ni mpangaji. Unalipa kodi ya kila mwezi, na mwishoni benki inakupa gari kama zawadi au inakuuzia kwa bei ndogo, kwa mkataba mwingine ulio mbali na ule wa kukodi. Matairi, mafuta na pedi za breki ni juu yako, kwa kuwa wewe ndiye unayelitumia. Matengenezo makubwa ya kuhifadhi gari lenyewe na bima, kwa asili, ni juu ya mwenye mali. Gari likiteketea Mariakani bila kosa lako, kodi inasimama, maana hakuna tena kitu unachokodi.

BAKARI: Kwa asili, umesema.

ZUHURA: Kwa asili. Nimesoma mikataba ambayo ukurasa wa kwanza unaitwa ijara, na ukurasa wa saba unamteua mteja kuwa wakala wa benki katika kulipa bima, kutengeneza injini na kubeba hasara ya kila namna. Uwakala unakubalika, lakini gharama ya mwenye mali lazima iingizwe kwenye hesabu ya kodi au irudishwe kwa mteja. Ukimtwisha mpangaji mzigo wote wa mwenye nyumba, umebaki na mkopo. Kwa hiyo usiridhike na jina la juu. Tafuta kifungu kinachosema gari likiharibika kabisa nani anapoteza nini, na mwambie afisa akisome kwa sauti.

BAKARI: Kuna pia ushirika unaopungua, ambapo mteja na benki wananunua pamoja, kisha mteja ananunua mafungu ya benki kidogo kidogo. Huo huonekana zaidi kwenye nyumba kuliko kwenye magari, kwa hiyo tuupite. Lakini nataka useme neno kuhusu tawarruk.

ZUHURA: Nitasema kwa ufupi. Benki inakuuzia bidhaa usiyoiona, mara nyingi madini yaliyo katika ghala la nchi nyingine, kwa malipo ya baadaye. Papo hapo inaiuza bidhaa hiyo kwa niaba yako kwa mtu wa tatu kwa bei ya chini, na wewe unapewa fedha taslimu ukanunue gari. Baraza la Kimataifa la Fikihi lilikutana Sharjah mwaka 2009 likaamua kwamba tawarruk iliyopangwa hivyo haijuzu, ingawa zipo bodi za sharia zinazoipitisha. Gari ni kitu kinachoshikika, lina chesisi na lina muuzaji, kwa hiyo sioni haja ya kupitia madini ili kulifikia.

BAKARI: Tuje kwenye kuchelewa kulipa, maana maisha yana mitihani yake.

ZUHURA: Mkopo wa kawaida utakuongezea riba ya adhabu juu ya kiasi ulichochelewesha. Sheria ya benki ya Kenya inaweka mpaka: mkopo ukishaharibika, riba ambayo benki inaweza kukudai haivuki kiasi cha mtaji uliokuwa umebaki wakati huo. Katika murabaha deni halikui. Mikataba mingi huweka tozo ya ucheleweshaji ili watu wasifanye mchezo, lakini tozo hiyo haiwi mapato ya benki. Hupelekwa kwenye sadaka. Uliza inapelekwa wapi, na uliza pia anayechelewa kwa dhiki anatofautishwa vipi na anayechelewa kwa ujeuri, kwa kuwa Qur'ani imeagiza mwenye dhiki apewe muda.

BAKARI: Na anayetaka kumaliza mapema? Mimi nilifikiri ni jambo la kupongezwa.

ZUHURA: Hapo murabaha inaweza kukushangaza. Rudi kwenye mfano wetu, baada ya miezi 18. Katika ule mkopo wa asilimia 14 ya salio linalopungua, umebakiwa na kama 662,000, ukiongeza ada ya kufunga mapema ikiwa imo kwenye mkataba. Katika murabaha yenye faida ya 360,000, bado unadaiwa 780,000 kamili, kwa sababu ulinunua kwa bei hiyo. Benki inaweza kukusamehe sehemu ya faida, na msamaha huo huitwa ibra, lakini wanazuoni wengi hawaruhusu uwekwe kama sharti ndani ya mkataba wa mauzo. Uliza utaratibu wa benki kabla ya kusaini: waliomaliza mapema mwaka jana walisamehewa kiasi gani?

BAKARI: Msikilizaji asiye Mwislamu anaweza kwenda huko?

ZUHURA: Bila shaka, na wengi wamekwenda. Kenya ilipata benki zake mbili za kwanza za Kiislamu mwaka 2008, Gulf African na First Community, ambayo siku hizi inaitwa Premier, na Tanzania ikapata Amana mwaka 2011. Tangu hapo benki kadhaa za kawaida zimefungua madirisha ya Kiislamu, yaani vitengo vya huduma za Kiislamu ndani yake. Hakuna anayeulizwa dini yake kaunta. Kinachoulizwa ni hati ya mshahara au taarifa za akaunti, arubuni, na umri wa gari.

BAKARI: Nina swali la mwisho, linanihusu. Probox yangu nilimaliza kuilipa mwezi wa tatu.

ZUHURA: Hongera. Na jina la benki limeshatolewa kwenye logibuku?

BAKARI: Nilidhani linatoka lenyewe.

ZUHURA: Halitoki lenyewe, Bwana Bakari. Kesho asubuhi nenda uombe barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, uhakikishe benki imeanzisha uhamisho wa umiliki kwa upande wake na imeondoa dhamana iliyosajiliwa, kisha ukamilishe upande wako na ulipe ada. Nimemwona mtu aliyepata mnunuzi mwenye fedha mkononi, wamekwisha kukubaliana bei, halafu mnunuzi akatazama logibuku na kukuta jina la benki iliyolipwa miaka miwili nyuma. Mnunuzi yule hakusubiri.