Papa Furaha na maji ya makayabo

BAHATI: Karibuni tena. Tuko Bukavu, mvua inapiga bati, kwa hiyo mkisikia ngoma msidhani tumeweka muziki. Furaha, leo nimeandika mambo matatu kwenye karatasi. La kwanza...

FURAHA: Weka karatasi chini. Wiki hii papa amenizeesha.

BAHATI: Yule yule wa kofia?

FURAHA: Wa kofia. Jumanne anatetemeka, tunapanda naye kituo cha afya, wanapima damu, malaria. Muuguzi anauliza, "Mzee, kuna dawa unayokunywa?" Papa anajibu kama yuko mbele ya mchungaji: "Hapana."

BAHATI: Na kinini za moyo, vile vidonge vya kutuliza mapigo?

FURAHA: Ndipo nikamtazama. Akaangalia dirishani! Kumbe ameziacha tangu wiki tano. Pakiti iliisha, bei ilimchoma, akaweka vidole shingoni, mapigo yanatembea sawa, akasema basi nimepona.

BAHATI: Lakini hakudanganya. Kweli hanywi.

FURAHA: Hanywi, ila anayo. Dawa yenyewe ni amiodaroni. Muuguzi alikwisha kushika boksi la artemetha na lumefantrini, dawa ya malaria. Nikasema, "Dada, subiri kidogo, huyu alikuwa anakunywa hii," nikatoa pakiti tupu kwenye mkoba. Akairudisha ile malaria kabatini saa hiyo hiyo, akamwita daktari. Wakamfanyia kwanza elektro, kile kipimo cha mapigo ya moyo, ndipo wakachagua dawa nyingine.

BAHATI: Kwa kinini za wiki tano zilizopita?

FURAHA: Amiodaroni na ile ya malaria, zote mbili zinaweza kurefusha muda ambao moyo unajipanga upya kati ya pigo na pigo. Zikikutana, mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Papa sasa anaendelea vizuri, anadai bugali. Ila miye bado natetemeka kuliko yeye.

BAHATI: Bon, nieleze kama mtu wa mtaani Kadutu. Kinini umeimeza, umekojoa, imekwisha. Si ndiyo?

FURAHA: Hii haitoki sana kwa mkojo. Inapenda mafuta. Inaingia kwenye mafuta ya mwili, ini, mapafu, inajificha humo. Unajua makayabo, samaki wa chumvi?

BAHATI: Usiniulize kama najua makayabo.

FURAHA: Ukiyaosha juu juu, chumvi inatoka?

BAHATI: Ya juu inatoka. Ya ndani utakutana nayo mezani.

FURAHA: Ndiyo hiyo. Damu ni maji ya beseni, nyama ni mwili wa papa. Unamwaga maji, unaweka mengine, nyama inatoa tena chumvi. Kwa amiodaroni, kupungua nusu tu kunachukua kama siku 58 kwa wastani. Kuna watu wa siku 15, kuna watu wa 142. Papa ana siku 35. Fanya hesabu.

BAHATI: Hata nusu haijatoka.

FURAHA: Tukimhesabu kwa wastani, ndiyo. Na nusu ikitoka, siku 58 nyingine zinatoa nusu ya iliyobaki. Si yote.

BAHATI: Maji ya pili, robo. Ya tatu... Ngoja. Nyinyi mnabadilisha maji mara ngapi?

FURAHA: Ya makayabo? Tatu, yanalala usiku.

BAHATI: Tatu! Ndiyo maana kwenu nilikunywa maji mpaka Jumatatu. Kwetu ni tano.

FURAHA: Tano mnaua samaki. Inabaki kamba ya kufungia mbuzi.

BAHATI: Na dawa je? Maji mangapi?

FURAHA: Umejishinda mwenyewe. Tano. Mara tano za siku 58 ni siku 290, inabaki kama asilimia 3.

BAHATI: Aaah! Mmesikia? Hata sayansi inaosha mara tano!

FURAHA: Sayansi haijawahi kupika sombe.

BAHATI: Dawa zote za moyo ziko hivyo?

FURAHA: Hapana. Digoksini, figo zikiwa nzima, inapungua nusu kwa siku moja na nusu hivi mpaka mbili. Adenosini ya sindano, sekunde chini ya 10. Hata jina hujamaliza kulitaja.

BAHATI: Hiyo ni sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Unaisuuza mara moja, kwenye kikaango.

FURAHA: Bahati, achana na samaki! Kilichoniuma ni hiki: papa alijiona mzima kwa sababu dawa ilikuwa bado ndani inamfanyia kazi. Dawa yenyewe ndiyo iliyomshawishi aiache. Siku ikipungua sana, moyo unaweza kurudi kule kule. Kwa hiyo nimemweleza yote, siku 58, mafuta, kila kitu.

BAHATI: Hapo umekosea.

FURAHA: Nimekosea wapi?

BAHATI: Mzee akisikia dawa inakaa miezi, atasema, "Vizuri, nitakunywa Jumapili tu, pesa ibaki." Mama alielezwa kila kitu kuhusu presha, akaanza kujipangia. Mzee mwambie kunywa, basi.

FURAHA: Papa hakuelezwa, na aliacha! Na muuguzi alipouliza, angejibu nini mtu asiyejua kwamba bado anayo?

BAHATI: Wewe ndiye wa kumjibia muuguzi.

FURAHA: Na siku akienda peke yake na motari?

BAHATI: Mwandikie karatasi, aweke kwenye kofia.

FURAHA: Karatasi asiyoielewa ataitoa? Ni mwili wake, Bahati.

BAHATI: Na ni wewe utakayelia. Yaya, nakuheshimu, lakini hapana.

FURAHA: Na miye hapana.

BAHATI: ...

FURAHA: ...

BAHATI: Mvua imepungua.

FURAHA: Betri pia. Taa nyekundu hiyo.

BAHATI: Na karatasi yangu? Nilitaka tuongelee kisiwa cha Idjwi, iodini, na rovu, ule uvimbe wa shingo! Kinini moja ya amiodaroni ya miligramu 200 ina iodini kama miligramu 75, mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ni mara 500! Ndiyo maana wanapima tezi ya shingo...

FURAHA: Umebakiza dakika moja na uko kwenye jambo la kwanza.

BAHATI: La pili lilikuwa ngozi na jua, la tatu... Kwa nini unacheka?

FURAHA: Mama ametuma ujumbe. Papa anauliza makayabo ya jioni yameoshwa mara ngapi.

BAHATI: Mwambie tano!

FURAHA: Nimeshaandika tatu.